Kilo Kumi na Saba

Kwenye ukuta wa banda ninalopanga Utemini, hapa Singida mjini, kuna orodha niliyoiandika kwa chaki. Kiti cha nyuma, kilo ishirini na sita. Tairi la akiba na jeki yake, ishirini na moja. Zulia lote, tisa. Spika mbili za nyuma, nne na nusu. Kiti cha mbele cha kushoto, kumi na saba. Inaendelea hivyo hadi karibu na sakafu, ambako nimeandika vitu vidogo ambavyo mizani haikuviona kabisa. Hivyo niliviandikia neno moja tu: kidogo.

Mizani ni ya mama mwenye nyumba. Ananunua vitunguu na alizeti kutoka vijijini, na mizani yake ya ndoano inaning'inia kwenye boriti ya kibaraza. Jioni akishamalizana na wauzaji, nilikuwa nakwenda kumwomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo unapima nini tena?"

"Kiti, mama."

"Kiti." Alikuwa anafagia maganda ya vitunguu, na upepo unayarudisha pale pale. "Wenzako wanaleta mazao, wewe unaleta kiti. Sasa mkeo utambeba wapi?"

"Sina mke, mama."

"Na hutampata. Nani atakubali kuchumbiwa kwenye gari la kiti kimoja?"

Nilicheka. Nilikuwa nacheka naye kila jioni kwa dakika tano hivi, na mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu yote ya siku, ukiacha wateja. Mimi ni fundi simu. Mteja anakuja, anasema kioo kimepasuka, anarudi baadaye, anaondoka. Mama mwenye nyumba akishaingia ndani, namsikia akiongea kwenye simu na ndugu zake wa Mungaa, kwa Kinyaturu. Mimi nimekulia Itigi, karibu na reli, na Kinyaturu naambulia neno moja moja. Nilikuwa nasikiliza hata hivyo, kwa sababu ilikuwa sauti ya mtu.

Gari nililinunua kwa mzee aliyekuwa akilikodisha kwa maharusi. Ni gari la saluni, refu, jeupe, la silinda sita, zito zaidi ya tani moja na nusu. Nilipong'oa kiti cha nyuma nilikuta punje za mchele, karatasi za kung'aa, pini za nywele na heleni moja. Heleni nimeitundika kwenye msumari ukutani, juu ya orodha. Sikuipima.

Nilitaka gari hilo likimbie robo maili, yaani mita mia nne na kidogo, kwa muda ulio chini ya sekunde kumi na sita. Sababu yake ni ya aibu. Kwenye kundi moja la simu la wapenda magari niliweka picha yake nikauliza maswali, na mtu nisiyemjua akajibu kwamba hilo ni gari la kubebea bibi harusi, halitashuka chini ya kumi na sita hata upepo wote wa Singida ulisukume. Watu wakaweka vicheko. Mtu mwingine angecheka nao. Mimi nililibeba jibu lile mwaka mzima na nusu.

Kila ninachokijua nimejifunza kwenye video, nikizisimamisha kila sekunde chache kuandika. Humo ndimo nilimojifunza kwamba kwa gari kama langu, ukipunguza kilo hamsini unapata kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Si sheria kamili, lakini niliishika kama sheria. Tangu siku hiyo, kila kitu ndani ya gari kiligeuka kuwa muda. Zulia lilikuwa muda, na kiti kilikuwa muda.

Mwanzoni sikuwa peke yangu. Palikuwa na fundi wa bodaboda ambaye kibanda chake kilitazamana na changu. Mtu wa Misigiri, mnene kidogo, mwenye mikono inayojua kitu kabla hajakitazama. Alikuja siku moja kuangalia injini, akarudi kesho yake, ikawa kila Jumamosi na kila Jumapili akitoka kanisani. Mimi nilikuwa na daftari, yeye alikuwa na mikono. Aliniita profesa.

"Profesa, video imesemaje?"

"Inasema tuanze na nati ya juu kushoto."

"Nimeshamaliza zote nne. Iambie video isubiri."

Tatizo langu lilikuwa kwamba akishaondoka, nilikuwa nafungua kila nati aliyoifunga na kuifunga upya. Sikuwa nakagua. Kukagua si kosa, na za kwangu pia huzikagua. Nilikuwa nafungua kabisa, nasafisha, naanza mwanzo, kana kwamba kitu alichokigusa mtu mwingine hakijafungwa bado. Niliona nikiacha hata moja, sitalala. Na kweli, niliwahi kujaribu kuacha moja, na sikulala.

Jioni moja nilikuwa narudia nati za tairi la mbele. Nilitia bomba refu kwenye spana ili nipate nguvu zaidi, nikavuta, nikasikia mlio mdogo mkavu. Bolti ilikuwa imekatika. Nilikaa chini sakafuni nikiwa na kipande mkononi. Kisha nikakirudisha mahali pake, nikaegesha nati juu yake, nikafunga banda.

Kesho yake alipofika nilimwambia, "Hii nimeikuta imekatika."

Aliichukua, akaigeuza. Akautazama mkono wake wa kulia. "Nimekaza kupita kiasi."

"Labda," nikasema.

Neno hilo nimelisema mara nyingi maishani, lakini hilo la siku ile ndilo ninalolisikia mpaka leo. Alipoteza Jumamosi nzima akizunguka mji kwa baiskeli ya kuazima, duka hadi duka, akitafuta bolti inayofanana. Alirudi saa kumi na moja jioni, vumbi hadi kwenye nyusi, na bolti imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Alinipa kwa mikono miwili. Aliniomba radhi.

Baada ya hapo alinunua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu. Kila nati aliyoifunga aliichora mstari mwembamba kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho nyuma yake. Nati ikisogea, mstari unakatika na unaona. "Nataka nijue mkono wangu una tatizo gani," alisema. Mtu huyu alikuwa anajichunguza kwa kosa langu, nami nilikuwa nimemshikia taa.

Hapo ningeacha, au ningesema. Badala yake nilikwenda duka la vipodozi nikanunua nyekundu ya kwangu. Akiondoka nafungua, nafunga, nafuta mstari wake kwa kitambaa chenye petroli, nachora mpya juu ya ule ule. Nilikuwa nachora vizuri. Mkono wa fundi simu hautetemeki. Wiki tatu zilipita hivyo, na ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kulifanyia gari lile.

Asubuhi moja mlango wa banda ulikuwa wazi na jua limeingia moja kwa moja. Alichuchumaa kwenye tairi, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akatoa kichupa chake mfukoni, akakiinua kwenye mwanga.

"Ya kwangu haina chembe zinazometameta," alisema.

Dukani niliangalia wekundu tu.

"Kwa hiyo muda wote huu nakuja hapa kufanya nini?"

Alifuta mikono, akaweka kila spana yangu mahali pake kwa mpangilio ninaoupenda, akaondoka. Wiki chache baadaye kibanda chake kilifungwa. Nikasikia amerudi kwao Misigiri, ameweka gereji ndogo kando ya barabara.

Kilichofuata ni miezi ambayo sina mengi ya kusema juu yake, kwa sababu hakuna mtu ndani yake. Nilimaliza gari. Nilibadilisha plagi na njia ya hewa, nikanunua tairi laini zaidi za nyuma, nikang'oa kila kilichong'oka. Nilikuwa nazungumza peke yangu bandani, kwanza kwa kunong'ona, baadaye kwa sauti. Siku moja nilimsikia mama mwenye nyumba akiuliza kutoka uani, "Una mgeni leo?" Nikasema ndiyo, simu. Upande wa kushoto wa gari, kiti kilipokuwa, palibaki matundu manne ya bolti, na kila nilipoendesha macho yangu yalikwenda hapo.

Kisha yakatangazwa mashindano, kwenye uwanja wa zamani wa ndege nje ya mkoa wetu, mwendo wa saa tatu na zaidi kwa barabara ya kupita Misigiri. Kila gari lingekimbia mara moja kwa kupimwa muda kwa mitambo. Niliijaza fomu kwa mwandiko mzuri hadi nilipofika mstari ulioandikwa Msaidizi. Bila msaidizi gari haliruhusiwi kwenye mstari wa kuanzia. Lazima awepo mtu wa kumwagia maji tairi za nyuma, kukuongoza urudi nyuma na kukaa sawa, kukuambia kama kitu kinavuja. Mwenyewe huwezi kuviona, umo ndani.

Siku tisa mstari ule ulikaa mtupu. Siku ya kumi nilimwendea mama mwenye nyumba. Sikuwa natania.

"Niende nikamwagie tairi maji?" alisema. "Na vitunguu vyangu nimwachie nani?" Kisha akaniangalia vizuri. "Yule kijana mnene aliyekuwa anakuja, yuko wapi?"

"Yuko Misigiri."

"Misigiri si mbali."

Jumapili nikaenda na gari langu. Njia nzima nilikuwa najisemesha maneno nitakayoyasema, nikiyapanga na kuyapangua. Nilimkuta amelala chini ya pikipiki ya mtu, miguu tu inaonekana. Nilisubiri. Alipotoka aliniona, akajifuta mikono polepole.

"Profesa."

"Kaka, ile bolti niliikata mimi," nikasema. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa yamepotea, likabaki hilo. "Ulikuwa umeifunga vizuri. Nilirudia mimi nyuma yako, kwa bomba, ikakatika. Nikakuacha uzunguke."

Mwenye pikipiki alitutazama, akaona bora aende kununua soda.

"Jumamosi nzima nilizunguka," alisema.

"Najua."

"Kwa jua lile."

"Najua, kaka."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamweleza kuhusu fomu, mstari mtupu, uwanja wa ndege. Nilisema ningempitia alfajiri na kumrudisha jioni. Aliinuka akaliendea gari, akalizunguka, akapiga bodi kwa kiganja kama mtu anayemsalimu ng'ombe aliyewahi kumchunga. Akafungua mlango wa kushoto. Akasimama pale ameushika mlango.

"Umekuja kunichukua," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nitakaa wapi?"

Nilitazama sakafu tupu ya chuma, matundu manne. Naapa sikuwa nimeliona jambo hilo. Nilikuwa nimekagua upepo wa tairi mara tatu asubuhi ile, na sikuwa nimeliona. Alianza kucheka, cheko lisilo zuri sana mwanzoni, kisha likawa cheko kweli, akashika mlango kwa mikono yote miwili.

"Profesa! Unakuja kuomba msamaha na gari la mtu mmoja!"

"Nitakirudisha kiti."

"Siku ukija na kiti, tutaongea," alisema, na akarudi chini ya pikipiki.

Alfajiri ya mashindano nilifika Misigiri na kiti kimelazwa nyuma, nimekifunga kwa kamba, na bolti zake nne ndani ya bahasha. Ningeweza kukifunga mwenyewe bandani. Nilitaka akifunge yeye. Sikusema hivyo, nilimpa bahasha tu. Alipima uzito wake mkononi, akanitazama, akaenda kuchukua spana. Alifunga bolti zote nne bila haraka, nami nikasimama mbali, nikitazama jua linavyopanda juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Alipomaliza akatoa kichupa mfukoni. Akachora mistari minne. Akaingia, akakaa, akafunga mkanda.

Mpango tulikubaliana njiani, na ulikuwa wazo lake. Tukifika, kabla ya ukaguzi, nitoe kiti. Gari likishakaguliwa lingekimbia kama lilivyokaguliwa, hakuna kufungua kitu tena. Jioni tungekirudisha na kwenda nyumbani.

"Kina kilo ngapi?" aliuliza.

"Si nyingi," nikasema.

Tulifika mapema kuliko nilivyotarajia. Foleni ya ukaguzi ilikuwa ndefu. Yeye akaenda kuandikisha majina na kutafuta maji, mimi nikabaki na spana. Nilipiga magoti kwenye mlango wa kushoto. Mistari minne myekundu, mipya, imenyooka, isiyometameta. Nilivisha spana kwenye bolti ya kwanza.

Nilikuwa na ruhusa, na muda. Nilihesabu magari mbele yangu, yalikuwa kumi na moja, na bolti nne ni kazi ya dakika tano. Kwa mizani ya mama mwenye nyumba kiti kile kilikuwa kilo kumi na saba, yaani sehemu tatu za mia za sekunde, na nilikuwa nimefuta jasho mwaka mzima na nusu kwa ajili ya sehemu kama hizo. Mkono ulikuwa unataka. Sijui kuueleza vizuri mkono wangu. Unawasha, kama unavyowasha baada ya kushika pilipili. Lakini kila nilipotaka kuvuta niliona nyusi zake zenye vumbi na kile kipande cha gazeti.

Nikaitoa spana. Nikairudisha kwenye mfuko wake, nikakaa chini na mgongo kwenye tairi.

Alirudi na madumu mawili. "Mbona kiti kipo?"

"Foleni imekwenda haraka," nikasema. Mbele yetu yalibaki magari saba. Aliyatazama yote saba.

Kwenye mstari alisimama mbele yangu kwenye lami, ameshika dumu tupu, akaniongoza kwa kidole kimoja: nyuma, nyuma, kushoto kidogo, hapo. Alikuja dirishani. "Hakuna kinachovuja," alisema. "Nenda."

Mbio zenyewe ni fupi mno kuzisimulia. Taa, mguu, gari likajibana nyuma, tairi zikalia kidogo tu, kisha zikashika. Ninachokumbuka ni kiti cha kushoto pembeni yangu, hakina mtu, mkanda wake unapepea. Nilikuwa nimezoea kutazama matundu.

Mwisho wa uwanja walinipa kijikaratasi. Kumi na sita nukta sifuri mbili.

Sikuhitaji daftari. Toa tatu za mia, inabaki kumi na tano nukta tisa tisa. Nilirudi polepole kwa njia ya pembeni, nikiisoma ile karatasi kila baada ya mita chache, kana kwamba ingebadilika. Alinikimbilia, dumu bado mkononi, akaichukua na kuisoma. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Mbili za mia," alisema.

"Ndiyo."

Akafungua mlango wa kushoto ili aingie, akakitazama kiti, akatazama bolti. Mistari yake ilikuwa mizima yote.

"Profesa, hiki kiti kina kilo ngapi?"

"Sijakipima," nikasema.

Anajua kwamba hakuna kitu ndani ya gari lile ambacho sijakipima. Alisimama kidogo, akaingia, akaweka dumu kati ya miguu yake. Tulipofika barabara kuu alilala, au alifumba macho. Nilimshusha Misigiri jua likiwa bado juu. Alisema, "Haya, profesa," akagonga paa mara mbili, akaenda. Kutoka hapo hadi Utemini niliendesha na kiti kitupu pembeni yangu.

Imepita miezi. Hajaja, na mimi sijapiga simu. Nimeandika ujumbe mara nyingi na kuurekebisha hadi umekuwa mzuri mno kutumwa. Kwenye lile kundi sijaweka karatasi yangu. Gari limekaa bandani, kiti kimo, na hakuna aliyezigusa bolti zile nne. Mama mwenye nyumba alichungulia wiki iliyopita akasema angalau sasa naweza kumbeba mtu. Nikasema ndiyo mama.

Kwenye ukuta bado pameandikwa: kiti cha mbele cha kushoto, kumi na saba. Akija siku moja atauona mstari huo kabla ya kitu kingine, uko usawa wa macho yake. Mara mbili nimekishika kitambaa ili nifute, na mara mbili nimekiweka chini. Nimelisogeza benchi kidogo, mtu akikaa asiupe mgongo ule ukuta.